Mkasi Usiotulia

3 Machi

Mvua zimeanza. Bati la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na sufuria ya kukingia ni ile ile. Siwezi kutoka, na mume wangu si mtu wa kupiga naye soga: ukimwambia nyumba inaungua atakujibu "mmh". Basi nitaandika.

Kitabu hiki kitupu alinipa binti yangu kutoka kazini kwake. Jalada lina picha ya ubongo uliopasuliwa katikati kama kabichi. Shule sijawahi kukalia hata benchi lake. Herufi nilizijua kwa huyo huyo binti, alipoanza darasa la kwanza na kuzisoma kwa sauti jikoni huku mimi namenya viazi. Yeye aliendelea mpaka akaitwa Daktari. Mimi niliendelea na viazi.

Mume wangu ni kinyozi. Mtaa mzima unamwita Kinyozi, ingawa duka alilifunga zamani. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka, akamchanja mteja sikioni, akarudi nyumbani na kisanduku chake cha vifaa, akakisukuma uvunguni mwa kitanda. Hakumweleza mtu. Tangu hapo anakaa kwenye kiti cha dirishani, mkono unacheza peke yake juu ya goti kama unapiga ngoma ambayo mwenyewe haisikii. Jana hospitali wamempa dawa mpya.

4 Machi

Mvua. Nimemwaga sufuria, imejaa tena.

9 Machi

Jirani Mshonaji kaja na goti limevimba, anamtaka Daktari. Binti yangu anakaa na sisi, yeye na mwanawe, vyumba vya nyuma, lakini anaondoka asubuhi na kurudi jioni akiwa hoi. Akamwambia, "Shangazi, mimi si daktari wa magoti. Mimi ni wa panya."

"Panya wanaumwa nini?" Mshonaji akauliza.

"Hawaumwi. Nawaangalia wanavyotaka chakula."

Mshonaji akanigeukia. "Mwenzangu, umemsomesha miaka yote hiyo akaangalie panya wakila?"

Nikamwambia kwake wanakula bila kuangaliwa, ndiyo maana wananenepa. Tulicheka mpaka goti likasahauliwa.

15 Machi

Mzee kashika kikombe kilichojaa chai mpaka ukingoni, akavuka nacho sebule nzima. Hakumwaga tone. Akakiweka mezani, akautazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila hodi. Mimi nikajifanya nachambua mchele.

18 Machi

Leo kavuta kisanduku kutoka uvunguni. Kafuta mkasi, kaupaka mafuta, kaufungua na kuufunga sikioni akisikiliza. Halafu kaweka kigoda katikati ya chumba.

"Kaa hapa."

"Kwa ajili gani?"

"Nikupunguze nywele."

"Umenyoa mtaa mzima, mimi hujawahi kunigusa unywele. Leo umeamkia upande gani?"

"Kaa, mwanamke, kabla sijabadili nia."

Nikakaa. Mikono yake ilikuwa na joto. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, taratibu, na wakati anakata alikuwa anaimba chini chini bila maneno. Mvua inapiga bati, mkasi unalia kwach, kwach. Alipomaliza akanipangusa shingo kwa brashi, akasema, "Una kisogo kizuri."

Tulioana tukiwa bado na meno yote. Leo ndiyo najua kwamba nina kisogo.

27 Machi

Watu wamesikia. Wanajipanga barazani wakikwepa matone, mzee anawanyoa. Anaongea! Anamsema huyu ana kichwa cha yai, yule ana kishungi cha jogoo. Mjukuu anafagia nywele na kuzifanya masharubu ya mwanasesere.

Jioni akamnyoa Daktari. Binti yangu alifumba macho muda wote. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja chumbani kwake, na aliporudi pua ilikuwa nyekundu.

"Mama, hiyo dawa," akaniambia. "Baba amerudi."

2 Aprili

Mvua. Kanisawazisha nywele. Kasema upande mmoja ulizidi.

3 Aprili

Kanisawazisha tena. Sasa umezidi upande wa pili.

6 Aprili

Mshonaji kaja na paka wake mkononi, mdomo wazi, hajui acheke au alie. Paka kanyolewa mgongo, kimebaki kichwa na mkia kama brashi ya kuoshea chupa.

"Mwenzangu, mtazame mwanangu."

"Katoka wapi hivyo?"

"Katoka kwako!"

Mzee akasema paka alikuwa na manyoya yaliyoshikana. Daktari alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nilicheka. Sikumwambia kwamba ufagio wa ndani umekatwa mpaka haufagii, wala kwamba vishada vya pazia la sebuleni havipo.

10 Aprili

Kila mchana, chakula kikishaondolewa mezani, kigoda kinawekwa katikati na mimi nakaa. Nimeanza kufunga kitambaa kichwani. Nikiulizwa, ni baridi ya mvua.

Sitamwambia mtu. Miaka yote ile mkono ule ulikuwa unamgusa nani? Goti lake tu.

14 Aprili

Leo nimeng'olewa jino. Daktari alinipeleka mwenyewe, na tukirudi mvua ikatuzuia, akasema tupite kazini kwake aangalie panya. Nikaenda na shavu limekufa ganzi, mate yananitoka kama mtoto anayeota meno.

Nilidhani nitakuta uchafu. Ni pasafi kuliko jikoni kwangu. Panya weupe, kila mmoja na kisanduku chake cha kioo, taa ndogo, na kijana wa kike aliyevaa koti jeupe na glavu akipita kuwaandika. Binti yangu akanieleza kama nilivyokuwa namweleza mimi kupika, bila kunionea huruma. Katika ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini. Nikamwambia hilo jina siliwezi, hasa leo, mimi nitamwita Mchochezi.

"Sawa, Mchochezi," akasema. "Huyu hapa tumemzimia Mchochezi wake. Mtazame."

Panya amekaa. Chakula kiko mbele ya pua, hatua mbili. Hasogei.

"Ameshiba."

"Hajala tangu jana. Tukimwacha atakufa njaa na chakula kiko hapo."

Nikakasirika, nikamwambia basi mlishe mtoto wa watu. Akachukua bomba dogo, akamtia tone la maji ya sukari mdomoni. Yule panya akatoa ulimi, akajilamba mdomo, akajilamba tena, macho yamelegea kama mtoto aliyelambishwa asali.

"Kumbe anapenda!"

"Anapenda sana, mama. Ila hataki."

"Mtu apende asitake? Huo ni wazimu wa wapi?"

"Ndiyo kazi yangu hiyo. Zamani tulidhani kutaka na kufurahi ni kitu kimoja. Ni vitu viwili, na vinakaa sehemu mbili kichwani." Akanivuta mpaka kwenye kisanduku cha pili. "Huyu tumempandishia Mchochezi."

Huyo wa pili alikuwa anabonyeza kitufe kama fundi wa mashine anayekimbizwa. Akibonyeza, inaanguka punje tamu. Anakula, anabonyeza, anakula. Tumbo limekaza.

"Huyu basi ndiye anayefurahi," nikasema.

"Mtazame mdomo."

Nikainama. Hakujilamba hata mara moja. Alikuwa anameza tu kama anayetekeleza amri.

"Anataka," binti yangu akasema, "mpaka atachoka afe. Lakini hafurahii chochote."

Tulirudi nyumbani nikamkuta mzee kakaa sakafuni, ananyoa brashi ya viatu. Nilimtazama mdomo. Halafu nikaacha kutazama.

15 Aprili

Mvua na upepo. Kanisawazisha.

19 Aprili

Haimbi tena. Sijui ameacha lini. Nimegundua leo, kwa sababu mvua ilinyamaza kidogo na chumba kikawa kimya, mkasi peke yake.

22 Aprili

Kidole gumba cha mzee kina malengelenge. Nimekifunga kwa kitambaa na mafuta, nikamwambia mkono upumzike leo. Akasema mmh. Nilipotoka kuanika akahamishia mkasi mkono wa kushoto.

25 Aprili

Barazani hakuna mtu. Wa mwisho alikuwa fundi baiskeli, alikuja kupunguza ndevu akatoka hana nyusi. Mshonaji anasema mtaani wanavuka upande wa pili wakimwona mzee mlangoni. Nikamwambia wanaogopa mvua.

"Mvua iko pande zote mbili za barabara, mwenzangu," akasema. Hakucheka.

28 Aprili

Sina nywele. Anakata palepale pasipo na kitu, ncha inanigusa ngozi. Nakaa. Mikono bado ina joto.

3 Mei

Nitaandika yote, maana hakuna atakayelala leo na mimi nimechoka kushika tama.

Ilikuwa mchana. Shule imefungwa, Daktari yuko nyumbani siku ya mapumziko, chumbani kwake na karatasi zake. Mjukuu alicheza na maji ya mvua mpaka akachoka, akalala kwenye kochi. Wiki nzima tulikuwa tunamsuka, mimi na mama yake kwa zamu, mistari midogo midogo yenye shanga mwishoni, naye hakulia hata tulipomvuta, kwa vile anazitaka shanga zilie akikimbia. Nilikwenda kumwaga sufuria ya jikoni. Nikasikia kwach. Nikasikia shanga zinaruka sakafuni.

Nilikuta upande mmoja wa kichwa umekwisha. Mzee kapiga magoti kando ya kochi, mkasi uko juu ya jicho la mtoto, anatafuta nywele ya mbele. Sikupiga kelele. Niliogopa mtoto ashtuke. Nikasema polepole, "Baba wa watoto, nipe hiyo." Hakunisikia. Mtoto akageuka usingizini, ncha ikamchora kipaji cha uso, akaamka akilia, damu inamshuka puani.

Daktari alitoka mbio bila viatu. Akamnyakua mtoto, akamfuta, akaona ni mchubuko tu, jicho ni zima. Ndipo akamtazama baba yake.

"Baba! Unafanya nini?"

"Namalizia tu," mzee akasema. "Umebaki upande mmoja."

Na mkono ulikuwa bado unafungua na kufunga hewani. Haukutetemeka hata chembe. Mkono mzuri, wa kinyozi kijana.

Binti yangu akamnyang'anya mkasi. Akaniuliza mimi, "Mama, hivi ameanza lini?"

"Amepitiwa. Leo tu."

Mjukuu akaacha kulia ili aseme ukweli, jinsi watoto walivyo. "Siyo leo! Babu anamnyoa bibi kila siku. Bibi hana nywele hata moja! Anafunga kitambaa usione."

"Mama, vua kitambaa."

"Usiniamrishe nyumbani kwangu."

"Mama. Tafadhali."

Nikavua. Kichwa changu kiko kama kiazi kilichomenywa na mtu mwenye haraka: vipele, mikwaruzo, mahali pengine damu imekauka. Mvua ilikuwa inamwagika tu, na sufuria nimeiacha jikoni haijarudi mahali pake, maji yanadondoka sakafuni.

Binti yangu akakaa chini mbele ya baba yake, mtoto mapajani. Nilidhani atafoka. Akauliza kwa sauti ile aliyoitumia kule kwa panya.

"Baba, unapokata, unajisikiaje?"

Nilisubiri "mmh". Haikuja.

"Mwanzoni nilifurahi," mzee akasema. "Siku ile nilipomnyoa mama yako nilifurahi mpaka nikaogopa. Sasa sifurahii kitu. Mkono unataka. Nikimaliza unataka. Nikiulaza unaniamsha. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka, na siwezi kuuacha."

Mimi nikapata kinywa. "Na kichwa changu je? Kila siku nakaa pale, ulikuwa hufurahii?"

Akanitazama kama ninayemwonea.

"Ulikuwa unakuja kukaa mwenyewe. Nikadhani angalau wewe unafurahi."

Kumbe! Mimi nilikaa kwa ajili yake, yeye alikata kwa ajili yangu na kwa ajili ya dawa, na katikati kichwa kikaisha.

Binti yangu alikuwa analia bila sauti. "Ni dawa," akasema. "Inafanya kazi ya Mchochezi. Inatuliza mkono, na watu wengine inawapandishia kutaka. Hili nalifundisha, mama. Nasimama mbele ya watu nalifundisha. Nimeona paka amenyolewa nikacheka. Miaka yote natazama midomo ya panya, mdomo wa baba yangu sikuutazama."

"Mimi niliutazama," nikamwambia.

Akainua kichwa.

"Tuliporudi kutoka kazini kwako. Niliona. Nikaacha kutazama, maana alikuwa ananishika kichwa."

Nilimpiga kofi la mgongoni, la kumwamsha, kisha nikamvuta kifuani yeye na mwanawe pamoja, wote wawili wanalowesha nguo yangu. Nikamwambia aache upuuzi, daktari wa panya haitwi kwa paka. Akacheka akiwa analia, kamasi zikamtoka. Mtu wa chuo kikuu.

4 Mei

Mkasi nimempelekea Mshonaji autunze. Hakuuliza. Akauweka kabatini, akageuza ufunguo, akanipa chai.

6 Mei

Hospitali. Daktari wa huko, wa kweli, kasema dawa haikatwi ghafla, mwili utagoma, itashushwa polepole. Lakini lazima mgonjwa ajue: ikishuka, mkono utarudi kutetemeka. Akamuuliza mzee mwenyewe.

Binti yangu akakodoa macho chini. Mimi nilitaka kusema. Nilitaka kusema punguzeni kidogo tu, mumwachie mkono wa kunishika kichwa. Nikang'ata ulimi pale jino lilipokuwa.

"Niliomba mkono uliotulia," mzee akasema. "Huu hautulii. Shusheni."

11 Mei

Mvua. Hana raha, anazunguka chumba, anashika ukingo wa meza, anauachia. Nimempa maharage ayachambue. Kayachambua, kayachanganya, kayachambua.

17 Mei

Kikombe kimetetemeka leo. Kamwaga chai kwenye sahani. Nimefuta. Hatukutazamana.

23 Mei

Amerudi kwenye kiti cha dirishani. Mkono umerudi kwenye goti. Chakula namwekea mbele na hasogei, mpaka nimshikishe kijiko. Hataki redio, hataki baraza. Ukimuuliza kitu, mmh.

Daktari anasema dawa ikishuka hivi watu wengine huzama, ni ya kupita, na hospitali wanajua. Anarudi mapema sasa. Anakaa naye na kumsomea habari za michezo, jambo ambalo Daktari mwenyewe halipendi.

26 Mei

Mvua nyembamba. Nywele za mjukuu zimeota kidogo upande ule. Kamwambia mama yake amnyoe na wa pili zilingane, kisha akaniuliza mimi kama nataka tushindane nani atarefusha kwanza. Nimekubali. Nina uzoefu zaidi.

30 Mei

Nimefanya ujinga, nauandika. Mzee amekaa na mkate mbele yake, hautazami. Nikachovya kidole kwenye asali, nikamtia mdomoni kama mtoto. Alishangaa. Halafu akatoa ulimi, akajilamba. Akajilamba tena.

Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya jiko lililozimwa.

5 Juni

Hakuna mvua siku ya pili. Sufuria imekauka, ina duara la kutu. Nimeisugua.

9 Juni

Jua. Nimefungua madirisha yote, magodoro yako nje. Daktari yuko kazini, mjukuu shule. Nywele zangu zimeota, fupi na ngumu kama mswaki mpya. Kitambaa nimekifua na kukikunja.

Mchana, vyombo vikishaondolewa, nikakichukua kigoda mimi mwenyewe. Sikukiweka katikati ya chumba. Nilikipeleka mbele ya kiti chake, nikakaa nikimpa mgongo, magoti yake huku na huku ya mabega yangu. Nikaushika ule mkono wake juu ya goti, nikauweka kichwani kwangu.

Ulitetemeka. Unatetemeka vibaya, siwezi kuupamba. Vidole vilikuwa vinanigonga utosini kama mvua ya kwanza kwenye bati. Joto ni lile lile.

"Umetaka?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. Mkweli. "Sitaki kitu."

Basi. Nikashika magoti yangu niinuke, kuna vyombo vya kuosha.

"Kaa," akasema.

"Si umesema hutaki?"

"Sitaki. Lakini usiondoke."

Nikakaa. Mbele yetu kulikuwa na kioo cha dirisha, jua limekipiga, tunaonekana wote wawili, mimi na kichwa changu cha mswaki, yeye nyuma yangu na mkono wake unaocheza. Nilimtazama mdomo. Safari hii sikuacha kutazama.